Kompyuta Iliyotaka Kuitikiwa

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, pale Kurasini, ilinichukua kwa majaribio. Nilitakiwa kutunga lugha ndogo ya Kiswahili ya kuamrishia kompyuta, ili makarani watafute makontena bila kufukua mafaili. Nikifaulu, naajiriwa. Nikishindwa, narudi Temeke kulala sebuleni kwa shemeji, pamoja na kuku wake.

Sarufi yangu niliipenda mno. Programu ilisoma sentensi neno kwa neno: kwanza kitendo, kisha kitu, kisha namba. TAFUTA KONTENA 14. Basi.

Karani mkuu, mama mtu mzima wa Kizaramo, akakaa mbele ya kompyuta, akaandika HUJAMBO.

KOSA, ikajibu.

Akaandika HABARI ZA ASUBUHI.

KOSA.

Akavua miwani. "Mwanangu, hii mashine yako kwao hawasalimiani?"

"Mama, ni chombo tu. Kiamrishe."

"Mie niamrishe nisiyemjulia hali? Tena changa hivi, ilitakiwa ianze yenyewe!" Akarudi kwenye mafaili, na makarani wote nyuma yake. Nilikasirika, nusura nilie.

Nilinuna wiki nzima, kisha nikasalimu amri. Nikaongeza kanuni mwanzoni mwa sarufi: kompyuta inaandika SHIKAMOO, mtu anaandika MARAHABA, zinafuata habari, kama zipo, hata nyingi, ndipo amri. Mama alitumia habari sita. Akauliza na watoto, ikanibidi niwaongeze. WAZIMA, ikajibu. Mafaili yakaanza kushika vumbi.

Siku ya mwisho ya majaribio akaja bosi, ambaye kila asubuhi tulimwamkia naye akapita akitazama saa. Kompyuta ikaandika SHIKAMOO. Bosi, kwa kidole kimoja, akaandika TAFUTA KONTENA 14.

KOSA: HUJAITIKIA SALAMU.

Nilikusudia salamu iwe hiari, nikaiandika kuwa lazima. Makarani wakainamia meza, mabega yanatikisika.

"Iitikie tu, bosi," mama akasema. "Haina makuu."

Bosi akaandika MARAHABA, herufi moja moja, kisha amri yake tena. Kontena likaonekana. Akaondoka, nami jioni nikaanza kufungasha.

Asubuhi iliyofuata akatokea mlangoni.

"Shikamoo, bosi," tukasema, kwa mazoea tu.

Akasimama. Akatutazama mmoja mmoja.

"Marahaba," akasema. "Habari zenu?"

Barua yangu ya ajira ilikuja mchana, na ile kanuni nikaiacha ilivyo.