Tulikuwa, Tulikuwaga

Bernado, fundi baiskeli wa Nyasho, alikosana na dunia kwa sababu ya herufi mbili. Msicheke. Wapo waliokosana nayo kwa ajili ya shamba, mke au ng'ombe. Yeye ni herufi mbili tu, na zimemkalia shingoni miaka kumi na minne.

Mdogo wake, Consolata, ndiye yule mwimbaji wa Kibara ambaye nyimbo zake zilipigwa kila harusi, toka Bunda hadi Butiama. Alikutwa amekufa ufukweni, ana jeraha kisogoni, wiki ile ile aliyorudi nyumbani kupumzika. Askari aliyeandika maelezo ya ndugu alikuwa mtu wa pwani, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Alimuuliza Bernado waliishije na marehemu. Bernado akajibu kama anavyojibu mtu yeyote wa Mara: "Tulikuwaga tunagombana." Maana yake zamani, enzi za kunyang'anyana ukoko wa ugali. Askari akaona hiyo "ga" ni ushamba, akaisafisha. Karatasini ikasomeka: "Tulikuwa tunagombana." Yaani siku ile ile ya kifo, pale ufukweni.

Bernado akasota mahabusu mwaka na nusu. Walipomwachia hawakusema hana hatia. Walisema ushahidi hautoshi. Ni vitu viwili tofauti, muulize yeyote aliyewahi kupita sokoni baada ya kuachiwa. Mama yao, Nyamburi, hakumfukuza, ila kila chakula Bernado alichompelekea alikipokea kwa asante, kisha akakigawa kwa majirani. Hilo lilimuuma Bernado kuliko mahabusu.

Basi mwaka huu akaja Fredy kutoka Dar es Salaam, na kamera zake na kipindi chake cha runinga cha kufukua vifo vya watu maarufu. Kazi nzuri hiyo: msiba wa kwenu, matangazo ya sabuni ya kwao. Lakini Bernado alifurahi, maskini wa Mungu. Alivaa shati la kanisani, akakaa mbele ya kamera nje ya banda lake, akaeleza kila kitu toka mwanzo. Mwishoni akaomba jambo moja tu.

"Kaka, hiyo ga msije mkaitoa. Mama atakuwa anaangalia."

"Ondoa shaka, mzee wangu," Fredy akasema. "Hapa tunakusafishia jina."

Jumapili ya kipindi, Bernado alikwenda Kibara, akakaa na mama yake dukani kwa jirani yao Wankyo, mwenye runinga. Ilikuwa mchana, na watu walijaa hadi mlangoni. Picha ya Consolata ikatokea, anacheka. Mama akaushika mkono wa Bernado. Hakuwa ameushika tangu mazishi.

Kisha akatokea Bernado mwenyewe, midomo inacheza, lakini sauti yake wameiteremsha hadi haisikiki. Waliona Kiswahili chake kitawachosha watazamaji. Juu yake mtangazaji akasoma, kwa sauti tamu ya studio: "Tulikuwa tunagombana." Ukafuata muziki wa kutisha, ikafuata na methali, maana hao hawakosi methali: kikulacho ki nguoni mwako.

Dukani watu wote wakamgeukia Bernado.

"Mama, sivyo nilivyosema!" Bernado alilia mbele za watu, mtu mzima na mvi zake. "Nilisema tulikuwaga. Ile si sauti yangu, umesikia mwenyewe si sauti yangu!"

Mama akautoa mkono wake.

"Miaka yote hii nilikuwaga najiambia, labda polisi walikosea kuandika," alisema. "Nilikuwaga nasali iwe hivyo. Leo si polisi, Bernado. Mdomo nimeuona, ni wako."