Maswali ya Méthode Kuhusu Vinu vya Upepo

Ukitaka kujua kinu cha upepo kinapasuaje gogo likawa mbao, usihangaike na vitabu. Njoo hapa Lewisville, Texas, jengo letu ni la tatu kutoka getini, umuulize mume wangu. Méthode atakueleza urefu wa mabawa, turubai inavyofungwa juu yake, na kwa nini kichwa cha kinu huzungushwa kifuate upepo. Wenzake wa ghalani, wanaopakia maboksi naye karibu na uwanja wa ndege, wanamwita Injinia. Wanafikiri anavipenda vinu. Havipendi hata kidogo. Aliuliza yote hayo siku moja ya Juni mwaka 2018 kwa sababu alikuwa na hofu, na aliyekuwa akimwogopa ni dada yake.

Nianzie kambini, maana huko ndiko mambo yalikoharibikia. Sisi ni Warundi, na tuliishi kambini Kibondo, Tanzania, miaka mingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Clothilde, mdogo wake Méthode, alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, Amandine. Walilala kwetu na tulikula chungu kimoja. Mwaka 2006 tukaitwa kwenye usaili wa kwenda Amerika. Wiki hiyohiyo Clothilde alikuwa amekwenda na mtoto kuvuna maharage kwenye shamba la watu, mbali, na simu hakuwa nayo. Jirani mmoja, mjuaji wa kila kitu, akamwambia Méthode kwamba ukimtaja mtu ambaye hayupo mbele ya meza, faili lote linarudishwa chini na mtakaa hapo miaka mingine kumi. Afisa akauliza, "Nyumbani kwako mko wangapi?" Méthode akajibu, "Watano." Tulikuwa saba. Nami nilikuwa nimekaa pembeni yake, mtoto mapajani, nikanyamaza.

Clothilde aliporudi, Méthode alimwambia kwamba ofisi imekataa jina lake kwa kuwa hakuwepo. Uongo mtupu. Mwaka 2008 tukapanda ndege kuja Texas. Clothilde alitusindikiza mpaka kwenye basi, akatufungia mihogo ya kuchemsha tule njiani. Méthode hakuigusa. Tuliila mimi na watoto, na nakiri ilikuwa mitamu.

Miaka miwili baadaye naye akapata njia, akapelekwa Uholanzi na binti yake. Tulifurahi sana, lakini simu yake ikiingia, Méthode alinipa haraka kama anayenipa sufuria ya moto. "Ongea na wifi yako, mimi nachelewa kazini." Hata Jumapili, siku ambayo hana kazi, alichelewa kazini. Miaka minane tuliishi hivyo. Nilimwona amesimama kwenye sinki, amefungua maji lakini haoshi chochote, anasikiliza sauti ya dada yake ikitoka kwenye simu yangu. Nilimkasirikia, nikamhurumia, nikamkasirikia tena.

Basi mwaka 2018 mimi na Méthode tukapanga kwenda Kigoma kumwona mama yangu, na ndege inapitia Amsterdam. Clothilde aliposikia akaniambia, "Wifi, chagueni tiketi ya kukaa hapa siku nzima. Nina jambo la kumwambia kaka, na si jambo la simu."

Nilipomfikishia, Méthode aliweka kijiko chini.

"Amejua," akasema.

"Hata kama amejua, ni dada yako. Tutakwenda."

Alitembea na hilo neno wiki nzima, hali vizuri. Halafu siku moja akarudi kazini amechangamka, ana mpango. Hatutakwenda kukaa nyumbani kwa Clothilde. Tutakodi gari na dereva wa kututembeza, siku nzima, tuone vinu vya upepo na vile vijiji vyao vya mifereji. Nilimwangalia. Mume wangu huyu, ambaye miaka kumi hajanipeleka hata kuona ng'ombe wa maonyesho wa Fort Worth, hapo jirani! Nikaelewa. Ndani ya gari kutakuwa na mgeni, na mbele ya mgeni Mrundi mwenye adabu hafungui aibu za nyumbani. Clothilde angefunga mdomo hadi jioni, sisi tupande ndege yetu.

Aliyetufanyia mipango ni Jedidah, jirani yetu Mkenya, nesi, mtu wa simu na mitandao. "Epi, hiyo ni romantic sana!" akaniambia huku akibofya. "Mzee amejaribu, wallahi. Sisi wengine tunapelekwa tu Walmart. Haya, nime-book. Gari ni yenu pekee, watu watatu. Windmills asubuhi, halafu hicho kijiji hakina barabara. Na mnitumie picha!"

Nilicheka tu.

Clothilde alitupokea uwanja wa ndege amevaa koti jekundu, kapu mkononi. Alikuwa amenenepa vizuri na nywele za mbele zimeanza mvi. Alinikumbatia tukalia kidogo. Méthode alimkumbatia na begi kifuani, na begi likabaki katikati yao.

"Kaka, umezeeka," akamwambia.

"Na wewe umekuwa Mzungu," akajibu, macho yakiwa kwa dereva aliyekuwa akitusubiri.

Dereva alikuwa Mholanzi mrefu mwenye miwani, mpole. Méthode aliwahi kiti cha mbele kabla hajakaribishwa. Hapo ndipo maswali yalipoanza. Mume wangu ni mtu ambaye mkutano wa kazini ukiisha na meneja akauliza kama kuna swali, yeye ndiye wa kwanza kufika mlangoni. Siku hiyo alimuuliza yule Mholanzi habari za ng'ombe, za mvua, za kina cha maji mitaroni. Clothilde akiinama mbele na kusema, "Kaka, ngoja basi nikuambie," yeye anamgeukia dereva na Kiingereza chake cha ghalani: "Excuse me, sir! This water, who is closing it?"

Kwenye vinu ilikuwa balaa. Kwa kweli vinapendeza, vimepangana kando ya maji, vikubwa kuliko nilivyodhani, na Clothilde mwenyewe alishangaa. Miaka minane anakaa nchi hiyo, anachuma nyanya kwenye nyumba za vioo, na vinu alikuwa akiviona kwa dirisha la basi tu. Tukaingia kile cha kupasua mbao. Ndani misumeno inakwenda juu na chini, sakafu inatikisika, huwezi kumsikia aliye karibu nawe. Méthode alipapenda mahali pale kuliko pote. Tulitoka, akarudi. Tukatoka tena, akakumbuka swali, akarudi. Dereva akaniambia kwamba hajawahi kupata mgeni mwenye hamu ya kujifunza kama mume wangu.

"Wifi," Clothilde akaninong'oneza, "kaka ameanza kuchanganyikiwa?"

"Ni uchovu wa ndege," nikasema. Nilimwonea aibu mume wangu.

Safari ya kwenda kijijini ilichukua muda mrefu kidogo na Clothilde, ambaye alikuwa ameamka alfajiri, akasinzia. Nikaona mabega ya Méthode yakishuka. Alitazama saa yake. Nadhani alikuwa akihesabu saa zilizobaki kama mtu aliye zamu.

Kijiji chenyewe kina nyumba za paa la nyasi nene, na mbele ya kila nyumba pana mfereji na kidaraja. Watu wanatembeleana kwa boti. Dereva alitupeleka mpaka penye boti ndogo ya betri, akamwonyesha Méthode usukani na kitufe cha kuwashia, kisha akarudi nyuma.

"You are not coming?" Méthode akauliza.

Yule Mholanzi akacheka. Boti ni yenu, akasema, ni rahisi, mtoto anaweza. Yeye atakunywa kahawa hapo. Huu ni wakati wa familia.

"Please, sir. There is space." Méthode alikuwa karibu kumshika mkono. "Plenty space!"

Dereva akatupungia mkono kwa furaha akaenda kwenye kahawa yake.

Boti ile haina mlio wowote, hata wa kufichia kikohozi. Méthode alishika usukani, mimi nikakaa pembeni, na Clothilde akakaa akitazamana na kaka yake, kapu magotini. Tukapita daraja la kwanza. Tukapita la pili.

"Kaka," Clothilde akasema, "sasa huna wa kumuuliza."

Méthode akaachia usukani. Boti ikaenda ilikotaka, ikagonga ukingo, ikajichomeka kwenye matete na kusimama. Hakuinua macho.

"Niliwaambia watano," akasema. "Ofisi haikukukataa, Cloti. Haikusikia jina lako. Waliniuliza, na ni mimi niliyesema tuko watano."

Bata wawili wakapita kando yetu, wakatuangalia, wakaenda zao. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Na mimi nilikuwepo, wifi. Nilisikia nikanyamaza."

"Najua," Clothilde akasema.

"Unajua nini?"

"Yote. Nilipofanyiwa usaili wangu waliniuliza, mbona kaka yako alipohojiwa alisema nyumbani kwake wako watano tu, na wewe hukutajwa? Nikawaambia, labda alisahau." "Nilikuchukia, kaka. Miaka miwili nilikuchukia. Nikichuma nyanya, kila kikonyo nilichovunja nilikiona ni shingo yako. Ulifanya vibaya, nisikudanganye. Kisha ikaisha. Sijui hata ilikwisha siku gani. Niliangalia nikakuta nimebaki na hamu ya kukuona tu, na wewe hushiki simu! Huyu wifi nilimsamehe mapema kwa sababu yeye alikuwa anapokea."

Méthode alikuwa analia. Si kwa sauti, ila mabega yalikuwa yanaruka, na machozi yalikuwa yanaanguka kwenye shati alilolinunua kwa ajili ya safari. Mara ya mwisho kumwona hivyo ni siku ya kumzika baba yake.

"Kwa hiyo hilo ndilo jambo lako," akasema alipoweza.

"Hilo? Nani kasema ni hilo?" Clothilde akapandisha sauti mpaka bibi mmoja bustanini akageuka. "Tangu asubuhi nataka kukuambia habari za Amandine, wewe unamuuliza Mzungu habari za mbao! Amandine anaolewa!"

Mchumba anaitwa Jean-de-Dieu, Mrundi wa Stafford, kule Houston, anafanya kazi hospitali. Watu wake wanataka kuja kuposa kama inavyotakiwa, na harusi wanataka ifanyike hukohuko. Baba wa Amandine alishafariki, na upande wa baba hapakubaki mtu. Clothilde akatoa kapuni nakala ya barua aliyowapelekea akina Jean-de-Dieu, akampa kaka yake. Méthode akaisoma polepole, akirudia mstari mmoja. Waliuliza mzee wa kuwapokea ni nani, aketi kwenye kiti cha baba. Clothilde alikuwa ameandika jina la Méthode, namba yake ya simu na anwani yetu ya Lewisville.

"Umeniandika mimi," Méthode akasema.

"Nimwandike nani? Nina kaka wawili?"

"Kabla ya kuniuliza."

"Ningekuuliza kwa njia gani, ndugu yangu? Kila nikipiga unachelewa kazini!"

Hapo nilicheka, sikuweza kujizuia, na Clothilde akacheka, na Méthode akacheka huku akijifuta pua kwa mkono wa shati, mtu mzima na mvi zake. Ni kama mtu ametuvua viatu vinavyobana tulivyovaa miaka kumi na miwili. Clothilde akafunua kapu. Alikuwa ameleta chai ya tangawizi kwenye chupa, na mihogo ya kuchemsha imefungwa kwa kitambaa, bado ina uvuguvugu. Alimpa Méthode kipande. Aliangalia kile kipande, kisha akala. Alikula vinne. Nilimwachia na changu.

Boti ilikataa katakata kutoka kwenye matete. Tulisukuma, tukazunguka, tukagonga daraja. Mwishowe dereva akaja mbio kwa njia ya miguu, akatusukuma kwa mguu wake mrefu. Akamuuliza Méthode kama ana maswali mengine.

"No, sir," Méthode akasema, mdomo umejaa. "Finished."

Kurudi uwanja wa ndege alikaa nyuma, kati yetu, tumebanana. Waliongea njia nzima, na mimi nilisinzia.

Wakwe walikuja Juni iliyofuata, kwenye ukumbi mmoja tuliokodi Stafford, joto la Houston likitumaliza na kipoza hewa kikijitahidi. Clothilde alikuwa amefika na Amandine kwa ndege wiki moja kabla. Amandine alikuwa bado amefichwa chumba cha nyuma na wasichana. Méthode aliketi kwenye kiti cha baba, suti mpya, karatasi ya hotuba mfukoni niliyomwandikia kwa mkono wangu. Msemaji wa wageni, mzee mmoja mwenye maneno matamu, akasimama. Akasifu ukumbi, akasifu wenyeji, halafu akasema kwamba kabla hawajataja kilichowaleta, wangependa kuijua nyumba waliyoingia. Je, mzee, nyumbani kwako mko wangapi?

Hakuwa na habari anauliza nini, maskini. Ni swali la desturi tu. Lakini Clothilde pembeni yangu akanishika mkono.

Méthode akasimama. Karatasi hakuitoa.

"Tuko saba," akasema. "Wa kwanza ni Clothilde, dada yangu."

Safari hii sikunyamaza. Nilipiga vigelegele kabla hajafika jina la pili.