Msumari wa Funguo kwa Kina Zainabu

Laiti ningemkatalia mwanangu Hamisi siku ile aliponiambia nikauchukue ufunguo wa nyumba yangu kwa Zainabu. Alikuwa amekuja kutoka Dar es Salaam na mlango mpya wa chuma, wenye kitasa kinachojifunga chenyewe ukiubamiza. "Baba, siku hizi ufunguo wa nyumba haukai kwa jirani," akasema. Nami, mtu mzima na akili zangu, nikaitikia. Hakunilazimisha. Niliona fahari kidogo kuwa na mlango ambao mtaani hakuna mwingine aliyenao.

Hamisi simlaumu. Yeye alikulia kwenye kota za shamba la mkonge nilikokuwa karani, hakuijua Ngamiani, mtaa niliokulia mimi. Enzi zetu, wenzangu mtakumbuka, paa za madebe zikipata moto mpaka zinalia, mtaa wetu ulikuwa na msumari mmoja. Ulipigiliwa nyuma ya mlango wa mama yake Zainabu, nyumba ya pili kutoka kwetu, na funguo za majirani wote zilining'inia hapo. Hazikuandikwa majina. Kila ufunguo ulifungwa kipande cha kanga kuukuu ya mama mwenye nyumba, na hakuna aliyewahi kukosea. Wa kwetu ulikuwa na kitambaa cha kijani.

Nikitoka shule, jua la saa nane utosini, kaptula imejaa vumbi la gololi, nilipitia kwa kina Zainabu kwanza. Shikamoo, marahaba, na kabla mkono haujafika msumarini, sauti ilitoka jikoni: "Umekula?" Basi ufunguo ungengoja. Kulikuwa na bada la moto, ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa uliokolea nazi, sinia moja, watoto sita, na aliyethubutu kugusa samaki kabla ya wenzake alikula kofi la mkono. Mama yangu akirudi sokoni alinikuta nimelala kwenye mkeka wa watu, mlango wetu haujafunguliwa. "Huyu nimewazalia nyinyi," alikuwa akisema.

Tulipocheza kibe hakuna nyumba tuliyokatazwa kujificha. Siku moja niliingia chini ya kitanda cha babu yake Zainabu, nikapitiwa na usingizi humo humo. Zainabu alinitafuta hadi magharibi, akalia akidhani nimetumbukia kisimani. Nilipojitokeza nikijinyoosha, alinipiga ngumi ya mgongo ambayo mpaka leo naisikia kukiwa na baridi.

Wajukuu zangu nao wana staili yao. Wakija likizo wanasimama mlangoni na kunipigia simu: "Babu, tuko nje." Mimi niko hatua tatu kutoka hapo, nawaona dirishani wameinamisha vichwa. Hodi haijawahi kuwatoka. Labda wanaogopa itawamalizia chaji.

Nilipostaafu nikarudi kwenye nyumba ya baba. Msumari ulikuwa umebaki kwa Zainabu, naye alikuwa mjane kama nilivyokuja kuwa mimi. Ufunguo wangu ukarudi pale pale. Akautafutia kitambaa cha kijani, sijui alikitoa wapi. Nikitoka msikitini nilikuta sahani mezani, imefunikwa kawa. Mvua ikinyesha nikiwa mjini, nilikuta nguo zangu zimeanuliwa na kukunjwa. Mke wa binamu yangu alipomwuliza mbona anaingia bila hodi, alijibu, "Hodi ya nini kwa kaka yangu?"

Huyo ndiye niliyemwendea kudai ufunguo. Nikamwambia nataka kuchongesha wa pili. Ulikuwa uongo, naye kabla ya alasiri aliuona mlango mpya ukipandishwa. Lakini pale msumarini hakuuliza kitu. Alikifungua kile kitambaa taratibu, akabaki nacho, akanipa chuma kitupu.

Sasa sikilizeni yaliyonipata mwezi uliopita. Asubuhi nimetoka kufagia baraza, nimevaa msuli na fulana iliyotoboka kwapani. Upepo ukaja, mlango ukajibamiza, kitasa kikafanya kazi yake. Ufunguo ndani, simu ndani, miwani ndani.

"Athumani!" Zainabu aliita kutoka barazani kwake. "Leo mwizi ni wewe?"

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akanitupia kanga nijifunike mabega, akanimiminia chai ya tangawizi, akapiga namba ya fundi wa vitasa iliyochorwa kwenye nguzo ya umeme. Tukakaa tunamngoja, tukalikumbuka lile bada, lile kofi la mkono, yule babu na mkoromo wake. Sikuwa nimecheka hivyo kwa muda mrefu. Mtu aliyepita angedhani sisi ni watoto waliozeeka ghafla.

Fundi alifika na baiskeli kutoka Mabawa, begi la vyuma begani. Akanitazama, msuli na kanga ya maua.

"Shikamoo mzee. Nyumba ni yako?"

"Marahaba. Ni yangu."

"Una kitambulisho?"

"Kiko ndani."

Akatikisa kichwa. "Samahani mzee wangu. Mimi sifungui mlango kwa maneno tu. Nani anakujua hapa?"

Nikamgeukia Zainabu. Mlango ule niliutia ili nyumba isimtegemee Zainabu, na sasa sikuwa na njia ya kuingia ila kwa kinywa chake.

"Fungua, mwanangu," Zainabu akasema. "Nyumba yake hiyo. Namjua tangu anakojoa kitandani."

Fundi akacheka, akachomeka vyuma viwili vyembamba, na kabla chai yangu haijapoa kitasa cha Hamisi kilikuwa wazi. Nikamwomba anichongee ufunguo wa pili siku hiyo hiyo. Jioni nikampelekea Zainabu, nikamwambia ukweli wote niliomficha, nikamwomba radhi.

"Yamekwisha, kaka," akasema. Ufunguo hakuupokea. "Kaa nao. Mimi siku hizi nasahau, usije ukapotelea mikononi mwangu."

Zainabu hajasahau kitu maishani mwake. Nikaurudisha mfukoni.

Sina maisha mabaya. Afya ipo, bahari inapuliza, wajukuu wanakuja na simu zao. Zainabu na mimi tunasalimiana kila asubuhi kwa uzuri, na sikukuu ya Idi huniletea pilau mpaka kizingitini. Enzi zetu watoto sita walilala katika nyumba yoyote usingizi ulipowakutia, na hakuna mama aliyehangaika. Leo kila mtu ana mlango wake. Sikuwahi kuibiwa kabla ya kitasa kile, wala baada yake. Kukubali kwangu siku ile kulinigharimu dada niliyekuwa naye tangu utotoni. Nimebaki na jirani mwema.