Nilimwita 'Mfanyakazi Wangu' Mbele ya Watu

Nilikosa. Wacha niseme hivyo kwanza, kabla sijaanza kujitetea kama nilivyozoea. Jambo hili sijamwambia mtu, hata mchungaji wangu.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa mwalimu msichana, nimetoka kwetu Timau nikapelekwa kufundisha mjini Nyeri. Kikuyu sikukijua. Wanawake wa ploti, zile nyumba za kupanga nilimokaa, walinyamaza nikipita. Jumamosi nzima iliweza kuisha sijafungua kinywa ila kununua maziwa.

Wa kwanza kunibishia mlango alikuwa Mama Nyambura, mjane wa chumba cha pili. Alikuwa ameshika kikombe cha uji.

"Mtoto wangu, unaishi kama uko jela. Kuja tuote jua."

Tangu siku hiyo tukawa tunakula pamoja. Aliniita mtoto wangu mpaka nikazoea, nikaona ni haki yangu.

Baba alikuwa mpishi wa mama mmoja Mzungu kule Timau. Mama huyo alipouza shamba arudi kwao, alinipa mtoto wa mbwa, masikio marefu, manyoya rangi ya chai, pamoja na cheti cha ukoo wake. Ati mbwa ana babu na nyanya walioandikwa kwa karatasi! Mama Nyambura alicheka mpaka akaketi chini. Tukamwita Tomi. Mchana nikiwa shuleni, Tomi alishinda naye kwenye kishamba chake cha sukuma wiki. Jioni tulimgombania kama watoto.

Yule Mzungu alikuwa ameniambia kwamba kwenye maonyesho ya kilimo kuna siku ya mbwa. Wanasimamishwa mbele ya jaji, anawatazama meno, miguu na mwendo, wazuri wanapewa utepe. Karibu wote waliopeleka mbwa walikuwa Wazungu. Mimi nikajiona pale katikati, watu wananiuliza jina. Nilitaka sana kuulizwa jina!

Nilianza kumfundisha. Kutembea na kamba bila kuvuta. Kusimama juu ya meza bila kutikisika. Kukubali kufunguliwa mdomo. Lakini akisikia tu sauti ya Mama Nyambura, Tomi alisahau yote akamkimbilia. Nikaingiwa na wivu, tena wa mbwa! Fikiria.

"Mama, usimwite tena," nikamwambia. "Na usimpe ugali. Unamharibu."

"Haya. Na nikikutana na yeye kwa mlango, nifunge macho?"

Nikawa namfungia Tomi chumbani nikienda kazini. Majirani walisema alilia mpaka sauti ikamwisha.

Siku ya maonyesho sikumwalika. Alikuja mwenyewe, kwa miguu, amevaa kitambaa chake cha kanisani, viatu amevibeba mkononi visishike matope.

Mimi sikumwona. Nilikuwa kiwanjani nimevaa glavu za kuazima, Tomi juu ya meza anatetemeka. Jaji, Mzungu mzee mwenye kofia, akaanza kumfungua mdomo. Tomi akajikunja. Hapo nikasikia sauti kutoka nyuma ya kamba ya watazamaji: "Tomi! Simama vizuri, baba!"

Maskini, alitaka kumsaidia.

Tomi aliruka mezani, akapita chini ya kamba, akajitupa kwenye gauni lake. Watu wakacheka. Jaji naye akacheka, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha shambani: "Huyu mama nani? Mbwa ni yako ama yake?"

Ningesema ni mama yangu. Ningesema ni jirani. Lo!

"Ni mfanyakazi wangu," nikasema, kwa sauti ya kusikika. "Nilimkataza kuja, hasikii." Kisha nikamgeukia. "Wewe! Lete mbwa!"

Aliniangalia kidogo tu. Akamleta Tomi, akaniwekea kamba mkononi kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Pole, madam."

Jaji alituonea huruma, akatupa utepe wa tatu. Katika kundi la watoto wa mbwa walikuwa wanne tu. Nilifika nyumbani na utepe wangu, nikakosa mtu wa kumwonyesha.

Baada ya hapo aliendelea kunisalimu kila asubuhi. "Habari ya asubuhi, madam." Hakuna zaidi. Nami, mjinga, nikangoja hasira zake zipoe, kumbe hakuwa na hasira. Kabla ya mwezi kuisha alihamia Chaka kwa dada yake. Nilirudi kutoka shuleni nikakuta chumba chake kimefagiwa. Wanawake wa ploti walikuwa wamekwisha kusikia ya maonyesho. Sasa hata kunyamaza hawakunyamaza, wakiniona nimeketi kuota jua walihama kabisa.

Nilikaa miezi mitano ndipo nikapata moyo wa kwenda Chaka, mimi na Tomi. Nilimkuta uani anachagua viazi vya mbegu. Tomi alimrukia akilia kama mtu. Mimi nikapiga magoti.

"Mama, nisamehe."

"Nilikusamehe siku ile ile," akasema. "Inuka, utachafua nguo." Akafuta mikono. "Ni vile nilifikiria niko na mtoto hapo Nyeri. Kumbe nilikuwa na kazi tu."

Alinipa chai, akaniwekea kwenye kikombe cha wageni. Tulizungumza habari za mvua.

Nilipoondoka, Tomi alinifuata mpaka langoni, akakaa chini. Nikavuta kamba. Akakaa. Nikaifungua shingoni mwake, nikatembea hadi barabarani bila kugeuka.

Niliambiwa habari za kifo cha Mama Nyambura sokoni, na mtu aliyedhani najua. Alikuwa amezikwa wiki tatu kabla.

Wewe unayesoma, kama yuko mtu anayekuita mtoto wangu na hakukuzaa, mwite mama mbele ya watu. Usingoje muwe wawili tu. Hata wakicheka, wacha wacheke!

Mimi nimestaafu, niko kwetu Timau. Majirani ni watu wazuri. Wananiita mwalimu.