Fimbo Inayopinda Mpaka Katikati

Asubuhi ilimkuta Hamimu ameketi kitandani, shati limeingia mkono mmoja, mkono wa pili unangoja msaada. Bega lake la kuume lilikuwa limechoka kuliko yeye mwenyewe. Umri wake wa kazi wote aliumaliza kwao Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, chini ya malori, akigonga resori, zile bamba za chuma zinazopangwa moja juu ya nyingine ili lori likiingia shimoni lisivunjike mgongo. Nyundo ameshaiacha, lakini bega halijapata habari. Kila asubuhi mkewe Adija huja, huvuta mkono wa shati taratibu kama anayemvisha mtoto aliyelala, na hasemi neno.

Ila Jumapili husema. Maana Jumamosi Hamimu huenda Kajaga, ukingoni mwa ziwa, kuvua samaki wa sangala na rafiki yake Télesphore, na Jumapili bega huwa limeumuka kama andazi.

"Baba Houda," Adija alimwambia Jumapili hiyo, "mi nimechoka kukuvalisha. Ziwa halikuiti, halikuulizi. Unalifuatia nini?"

Hamimu angejibu nini? Kwamba kule hakuna anayemwuliza lori litatoka lini? Kwamba Télesphore, karani mstaafu wa Kanyosha, tangu afiwe na mkewe Epiphanie hana mtu wa kuongea naye ila siku hiyo? Adija akakaa karibu naye, akalainika kidogo.

"Basi, Jumamosi moja tena. Bega likiamka hivi, vyombo vyako vyote vya kuvulia unampa Rachid wa mitumba auze, na maneno ya Kajaga yameisha."

"Sawa," alisema Hamimu. Hakuwa na nguvu ya kubishana, na tena alijua mke wake ana haki.

Sasa, taabu ilikuwa kwenye kane, ndivyo wanavyoiita Bujumbura fimbo ya kuvulia. Hamimu na mwenzake hawatumii mnyoo. Wanarusha kisamaki cha plastiki chenye ulimi mgumu chini ya mdomo. Ukikivuta, ule ulimi unakizamisha, nacho kinatikisika kama samaki mgonjwa, na sangala akiona mgonjwa hamwachi apite. Kwa hiyo kazi ni kurusha na kuvuta, kurusha na kuvuta, mpaka jua likae utosini.

Kane aliyokuwa nayo ilikuwa nyeusi, ngumu, na hakuichagua peke yake. Kule kwao mtu hanunui kitu kilichotumika kabla ya kukipitisha kwenye benchi la gereji. Iwe jeki, iwe pasi, iwe redio, wazee wa benchi watakigonga na kukipima mkononi, ndipo mtu anunue. Ile kane waliipokezana, wakaikandamiza ncha chini, wakaona haipindi. "Iyi ni chuma!" walisema. "Iyi utaloba samaki mpaka kiboko!" Mafundi wa magari hawa, kwao kitu kisichopinda ndicho kizima. Hamimu akainunua.

Lakini kisamaki kile kina ndoano nyembamba za matawi matatu, zinazoshika ngozi ya mdomo tu. Sangala akipiga kichwa, kane nyeusi haimpi nafasi hata kidogo, na ndoano zinachomoka na kipande cha ngozi. Jumamosi iliyopita mmoja alifika hadi kwenye majani ya ukingoni, akafungua kinywa, akatikisa, na kisamaki kikaruka kikaenda kunasa kofia ya Télesphore.

"Leo umeloba karani muzima!" Télesphore alicheka mpaka akakohoa. "Unipime vizuri, we Muswahili, usiniuze kwa hasara!"

"Umekonda sana. Nakurudisha mu maji."

Walicheka wote wawili, ila Hamimu alicheka huku amelishika bega.

Basi katikati ya wiki alikwenda sokoni Jabe kutafuta kane nyingine. Alikwenda kwa miguu, kwa sababu mafuta yalikuwa hayapatikani na foleni ya basi ilikuwa ndefu kuliko safari yenyewe. Alifika kwa Rachid, muuza vitu vya mitumba, jasho limemkaukia mgongoni. Hakusubiri kukaribishwa, aligeuza bidoni tupu la mafuta akalikalia.

"Muzee Hamimu! Bega linasema nini?"

"Linasema we una maneno mengi. Nionyeshe kane."

Rachid akachomoa nyeusi nyingine, mpya zaidi, ina maandishi mekundu. "Iyi haipindi, wallahi. Funga hata ng'ombe."

"Mi sina ng'ombe, Rachid. Shika ncha, uvute kama samaki."

"Mi nikuwe samaki?"

"Sangala. Na usinihurumie."

Rachid akavuta, na papo hapo bega likajibu. Hamimu alifumba macho. "Iyi, apana." Akapewa nyingine, nyembamba kama ufito, hiyo ikalala yote mpaka kwenye kiganja. Ingefaa visamaki vidogo vya pembeni, lakini kile cha ulimi kikishazama kingeiburuza chenyewe. Akairudisha.

"Na ile inayoshikilia turubai?"

Rachid aligeuka. Nyuma ya matairi ya baiskeli ilisimama kane ndefu ya kahawia, mpini wake wa gome laini mrefu wa kutosha mikono miwili, pete yake moja ya kupitishia uzi imefungwa kwa waya wa shaba. "Ile? Ile ni muzee kama weye. Inapindapinda."

"Lete."

Wakashusha turubai, jua likawaingilia. Rachid alivuta. Ncha ilitangulia kuinama, katikati ikafuata, kisha fimbo ikakataa hapo. Kuanzia kwenye mpini ilibaki imara. Nguvu za Rachid zilifika begani zimepungua, kama mgeni aliyepumzika njiani. Hamimu akamwambia avute tena. Akamwambia apige kichwa. Rachid akapiga kichwa kweli, na wachuuzi wa jirani wakamshangilia.

Hamimu alibaki ameishika. Alikumbuka wenye malori waliokuwa wakimsihi, "Fundi, ongeza bamba, gari liwe gumu," naye akiwaambia kila siku kwamba gari likikosa kunesa, chesisi ndiyo itakayopasuka. Amewaambia watu hivyo tangu ujana. Halafu siku ya kununua kane yake mwenyewe, alikaa kwenye benchi akakubali ngumu. Aliona haya kidogo, kisha akachoka hata kuona haya.

"Nachukua iyi."

"Na turubai yangu je?"

"Si unayo ile nyeusi? Umeapa haipindi."

Kurudi nyumbani alipitia mbele ya benchi, njia nyingine ilikuwa mbali. Wazee walimwona kutoka mbali.

"Hamimu! Umenunua bila kutuonyesha?"

"Hebu leta tuipime. Ala! Iyi ni mukia wa ng'ombe!"

"Muzee amenunua tambi!"

Siku nyingine angewajibu. Siku hiyo aliinua mkono wa kushoto tu, akapita.

Jumamosi Hamimu na Télesphore walimkuta kiboko amelala mahali pao pa kawaida, wakasogea hadi kwenye ukuta wa baa ya zamani ambayo maji yalikuwa yameimeza nusu. Hamimu hakurusha kwa kupitisha juu ya bega. Alishika mpini kwa mikono miwili, akapeleka fimbo upande, akaiacha ifanye kazi yake. Kisamaki kilikwenda mbali kuliko alivyotegemea. Alipokivuta, ncha ilitetemeka taratibu, na mtetemo ule ulimfikia mkononi kama mapigo ya moyo ya mtu mwingine. Alirusha, akapumzika. Akarusha tena. Bega lilinung'unika, lakini halikupiga kelele.

Jua lilipoanza kuuma, mtetemo ukakatika na kane ikainama.

"Vuta!" Télesphore alipiga kelele. "Vuta sasa, Muswahili!"

"Apana. Muache."

Sangala akapiga kichwa, fimbo ikamfuata. Akakimbia, ikamfuata. Hamimu alisimama tu, anazungusha uzi kidogokidogo, mpaka samaki akachoka kabla yake. Hakuwa mkubwa. Télesphore aliingia majini na viatu, akambeba kwa mikono miwili, na safari hii hakuwa na utani.

Kichwa kilikwenda Buyenzi kwa Adija. Mwili ulikwenda Kanyosha kwa Télesphore.

Jumapili asubuhi Hamimu aliketi kitandani na shati lake. Adija alisimama mlangoni, mwiko mkononi, hakusogea. Mkono wa kushoto uliingia. Wa kulia ulipanda, ukafika usawa wa sikio, ukasimama. Akaushusha, akapumua, akaupandisha tena polepole, na safari hii ukapata tundu la shati. Kufunga vifungo kulimchukua muda mrefu. Adija alimngoja mpaka cha mwisho.

"Kichwa kama hicho kinataka limau," alisema, akigeuka kurudi jikoni. "Jumamosi mkienda tena, mwambie Télesphore alete."