Kufagia Jangwa

Mama alifagia uwanja wetu wa Matrah, Omani, kila asubuhi baada ya sala, kwa ufagio wa chelewa, kama alivyofanya Unguja. Mistari ya ufagio ilibaki mchangani, yote imelala upande mmoja, na hakuna aliyethubutu kuikanyaga mpaka chai iwe tayari. Zamani mistari ile ilinituliza. Sasa sipendi kuitazama.

Ulikuwa mwaka wa nne tangu tutoke Unguja. Nilikuwa nimerudi kutoka Misri na shahada ya kilimo ambayo hakuna aliyejua aifanyie nini, mimi mwenyewe nikiwemo. Mfanyabiashara mmoja, jamaa wa marehemu baba, alikuwa na ardhi upande wa Khoudh, uwanda mpana chini ya milima. Ulikuwa umeliwa na mbuzi na kukatwa kuni mpaka ukabaki changarawe na vichaka vya kijivu ambavyo Mabedui wakiviita rimth. Utotoni mwake, alisema, paa walikuwa wakija mpaka kisimani. Alitaka kuwaona tena kabla hajafa. Akanipa kisima, waya wa kuwazuia mbuzi, vibarua wanne, na mjomba wangu awe msimamizi.

Nilijaza daftari zima maswali kabla ya kupanda mgunga wa kwanza. Umbali gani? Kina gani? Na kama mvua isiponyesha? Waya tuliuweka upande wa njia ya mbuzi tu. Upande wa mlimani tuliuacha wazi kwa ajili ya paa. Miche ikashika. Kisha, asubuhi moja ya baridi, paa jike akaonekana katikati ya vichaka, tumbo limemjaa. Nilishusha pumzi kama mtu aliyesamehewa.

Mjomba hakumtazama paa. Alitazama vichaka.

"Mwanangu, haya magugu yaliyokufa unayawekea nini? Yanakunywa maji ya miti yako."

"Sina hakika kama yamekufa, mjomba."

"Mimi nna miaka thelathini kwenye mikarafuu, nawe huna hakika! Shamba chafu ni aibu ya mwenyewe."

Misri tulisomeshwa pamba. Habari za rimth sikuzijua. Nikakubali. Mpaka leo sijui kama nilimwamini, au nilikubali kwa kuwa, kwa mara ya kwanza tangu tuvuke bahari, nilimwona ana furaha.

Vibarua walipalilia siku mbili. Siku ya pili nikavunja kijiti cha kichaka kimoja kilichong'olewa. Ndani kilikuwa kibichi. Badala ya kupiga kelele wasimame, nilikaa nikafikiri: huenda ni hiki kimoja tu. Nilikuwa ningali nafikiri kibarua aliponiita. Chini ya kichaka cha mwisho alikuwa amelala mtoto wa paa, amejibana ardhini, masikio yamelala mgongoni.

"Maskini, mamake kamkimbia," alisema mjomba, na mimi nikamchukua mikononi nikampeleka kwenye kibanda cha miche.

Nje ya waya alikuwapo mwanamke wa Kibedui na mbuzi wake, barakoa usoni. Alitusemesha kwa Kiarabu, akicheka.

"Nyinyi Wazinjibari mnafagia jangwa? Mnangojea wageni?" Alipoona nilichobeba, akaacha kucheka. "Hakuachwa huyo, kafichwa. Mama yake anapajua pale tu. Mrudishe sasa hivi, umfunike na tawi, kisha ondokeni nyote."

Nilimsikia vizuri. Lakini nikafikiri: nitamlaza wapi, na pale sasa ni peupe? Na mbweha? Na kunguru? Na harufu ya mikono yangu, je, mama hatamkataa? Mjomba akaleta maziwa ya mbuzi na kitambaa. Mtoto alinyonya kidogo, akatema.

Asubuhi mama yake alikuwa amesimama mahali penyewe, juu ya udongo uliofukuliwa. Alinusa, akazunguka, akanusa tena. Mimi nilikuwa kibandani, hatua kama hamsini, mtoto mapajani. Nikitoka, atakimbia. Nisipotoka? Jua lilipopanda akaenda zake.

Siku ya pili akaja tena. Mjomba alikuwa ameshika kikombe cha kahawa.

"Anatafuta nyumba," alisema. Akakiweka kikombe chini, hakukigusa tena.

Siku ya tatu, kabla hajafika, niliamua. Nilichukua vichaka tulivyong'oa, nikavichomeka upya palepale, nikamlaza mtoto chini yake. Shingo yake haikujishika. Mama yake alikuja, akasimama mbali na vile vichaka vya uongo, kisha akasogea, akamlamba. Alimlamba muda mrefu. Mtoto hakuinuka.

Tulimzika adhuhuri, mjomba na mimi. Kwa siku nyingi baadaye nilikuta nyayo za kwato zimezunguka mahali pale, duara juu ya duara, mpya kila asubuhi. Kisha asubuhi moja hazikuwapo, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Miche tuliyoipalilia ilikauka yote. Upepo uliondoka na udongo wake. Iliyopona ni ile ya ukingo wa wadi, lile bonde la mto mkavu, ambako vibarua hawakufika, kila mmoja chini ya kivuli cha kichaka cha kijivu. Tukaanza upya kwa mbegu za rimth, na mjomba ndiye aliyezipanda, akipiga magoti. Mwenye ardhi huniuliza kila tukikutana: "Wamerudi?" Namjibu: "Bado, ami."

Mwezi uliopita nilimwona mama anafagia kuelekea pembeni, chini ya mkunazi, ambako majani makavu hukusanyika.

"Mama, pale paache."

"Pana nini?"

"Hapana kitu."

"Sasa uchafu huo wauwekea nini?"

Alinitazama kidogo, akaendelea kufagia. Lakini tangu siku ile mistari yake ikifika mkunazini hupinda, ikapazunguka.