Nilikataa tenki la maji, nikachimba bwawa la mapambo

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mstaafu, na kwa umri huu sina faida ya kuwadanganya.

Kosa langu ni kusema "sawa" siku mchoraji wa bustani aliposimama kwenye kiwanja changu, upande wa Mtumba hapa Dodoma, akasema tenki la maji ya mvua litaharibu view.

Mke wangu, Mama Neema, aliomba kitu kimoja tu kwenye nyumba ya uzeeni: asibebe ndoo tena.

Mchoraji akaleta wazo lake. Bwawa la mapambo mbele ya nyumba, nyasi za kapeti, na ukuta wa kuishia magotini ili wapita njia wafaidi.

Nami nikataka wafaidi. (Form four nilifaulu, msiulize akili zilikwenda wapi.)

Likatoka zuri ajabu! Nikawa nakaa barazani nasubiri kusifiwa.

Kiangazi kikaingia, bomba likaanza mgawo.

Asubuhi moja nasikia kengele. Natoka, ng'ombe kundi zima wamevuka ukuta. Wanakunywa maji ya bwawa, mmoja anakula kapeti.

Mchungaji wao akanisalimia kwa adabu zote. "Shikamoo babu. Tunashukuru sana kwa lambo."

"Hili si la kunywa!" nikafoka. "Ni la kutazama!"

Akawageukia ng'ombe wake. "Basi wakimaliza kunywa watatazama, babu."

Nikasikia sauti nyuma yangu. Mama Neema, na ndoo mkononi.

"Baba Neema, mwambie huyo dume anipishe. Na mimi nichote ya kuogea."

Jioni akaniambia tulifukie bwawa, tuweke tenki. Hapo ningeweza kujiokoa, wakuu. Nikamjibu tusubiri mvua, nyasi zitachipua.

Kesho yake akafunga mizigo, akaenda kwa dada yake Hombolo.

Mnaojenga, anzeni na maji na kivuli. Urembo upewe nafasi itakayobaki, na mama mwenye nyumba asikilizwe kabla ya mchoraji. Aliyepitia kama haya aseme hapa chini. Wa kunicheka pia karibuni.

Tenki nimeshaweka. Mama Neema alikuja kuliona, akanywa glasi moja ya maji, akasema ni matamu, akarudi Hombolo.

Bwawa lile limenigharimu mke wangu.